Kahawa Tumboni mwa Baba Yako

Kemondo, alasiri

Koku mwanangu,

Barua zote nilizofundishwa kuandika huanza kwa kusema kwamba mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali. Hii siwezi kuianza hivyo. Wewe hujawa mbali bado. Uko hapo bondeni kisimani unafua nguo za safari, na kwa jinsi unavyozipiga kwenye jiwe najua bado umenikasirikia. Na mzima wa afya mimi siye, maana juzi umenikuta nyuma ya jiko natapika, ukaona damu iliyotoka, na jana ukatangaza mbele ya shangazi yako kwamba hupandi meli ya kwenda masomoni.

Utapanda.

Nimeliandika neno hilo peke yake ili usiseme hukuliona. Shangazi yako alikusifu, akasema huyo ndiye mtoto mwenye adabu, anayemwuguza mama yake. Mimi nilinyamaza. Usidhani nilikubali. Nilijua nikifungua mdomo nitapayuka au nitalia, na yote mawili yangekupa sababu ya kubaki. Kwenye karatasi mtu hapayuki, ndiyo maana nimekaa hapa na kalamu wakati maharage yanaungua.

Sitakuandikia habari za kufunga sanduku, wala za kujihadhari na watu wa melini, wala za urefu wa sketi. Hayo unayajua, na usiyoyajua utajifunza kwa kuaibika kama tulivyoaibika sisi wote. Nataka nikuambie jinsi tumbo lilivyomuua baba yako, tangu mwanzo, kwa mpangilio. Wewe ulikuwa shule ya bweni, ukaambiwa vipande vipande, na vipande vingine nilivibadilisha mimi mwenyewe ili nionekane vizuri.

Unajua kwamba baba yako na Ta Bigirwa walikula omukago kabla hujazaliwa. Unajua neno, lakini hukuona. Mimi niliona. Nilikuwa bibi arusi mpya, niliambiwa nisitazame, nikatazama kupitia matete ya ukuta. Walikaa kwenye mkeka wakiwa uso kwa uso. Tunda moja la kahawa lilipasuliwa, na ndani mna mbegu mbili, kila mtu moja. Kila mmoja akachanjwa kidogo karibu na kitovu, mbegu yake ikapakwa damu yake, akampa mwenzake aimeze bila kuitafuna. Tangu hapo wamekuwa kama wametoka tumbo moja. Hawanyimani, hawadanganyani, na mmoja akibisha hodi kwa mwenzake haulizwi amekuja kufanya nini. Na watu husema kahawa ile haitoki. Inakaa humo tumboni siku zote, inamwangalia mtu, na siku akimsaliti ndugu yake inaanza kuvimba. Padre alihubiri dhidi ya jambo hilo kila mwaka, na kila mwaka wanaume wa kijiji walikwenda kukomunika na kahawa zao tumboni.

Basi ukaja ujamaa. Baba yako aliupenda kwa moyo wake wote, na sitaki umcheke kwa hilo. Alipochaguliwa mwenyekiti wa kijiji alinunua daftari jipya na akanyoa ndevu. Vibanja vyetu vya migomba havikuguswa, maana nani angethubutu, lakini shamba la kijiji lilihitaji mahali, na mahali palipobaki ni rweya, ile mbuga ya majani juu ya kilima. Sehemu nzuri ya rweya ilikuwa ya Ta Bigirwa. Majani yake ndiyo tuliyokuwa tukitandika sakafuni na kuezekea. Kamati ilikaa, ikasema itwaliwe. Baba yako angeweza kusema wamwulize mwenyewe kwanza. Hakusema. Aliogopa kuonekana anampendelea ndugu yake, akatia sahihi mwenyewe, kisha akaja nyumbani akakaa na daftari lake mpaka chakula kikapoa. Na mahindi yenyewe, nikuambie ukweli, hayakustawi. Rweya ni nchi ya majani.

Ilipita miezi kadhaa ndipo alipoanza kusema tumbo lake limejaa. Unamkumbuka baba yako alivyokuwa akila. Chungu cha ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage alikishughulikia peke yake na kuuliza kama kuna kingine. Sasa anachukua tonge tatu, anasukuma sahani, anasema ameshiba. Nyama akaikataa kabisa, akadai inanuka. Akasema ndizi za mwaka huu zimekosa ladha. Nami nikakubali! Nikasema kweli, mvua zimekuwa mbaya. Nikamwona anapungua, nikajiambia ni mikutano, kwa sababu mikutano ilikuwa mingi na kila mmoja uliisha kwa kelele.

Siku moja tukiwa tunamenya ndizi akaniambia. Hakunitazama. Alisema, "Paskazia, ni kahawa ya Bigirwa. Nimeikosea, inavimba."

Nilicheka.

Koku, nimetenda makosa mengi, lakini hilo la kucheka ndilo linalonifanya nisimame katikati ya kibanja na kusahau nilichofuata. Mimi ni yule niliyefundishwa na masista kutazama hadubini mwaka ule wa Uhuru, mwanamke wa kwanza hapa kwetu kuhesabu chembe za damu za watu, na nilijivunia hilo kuliko mkoba wangu wa Misa. Nikamwambia mume wangu, mwenyekiti mzima, unaongea kama mtu asiyekwenda shule. Kahawa ya miaka ishirini ilishatoka kesho yake, na mimi najua ilikotokea. Naye akacheka kidogo, cheko la kunifurahisha. Tangu siku hiyo hakuniambia tena panapomuuma.

Mimi nikafanya kazi yangu. Nikampima damu pale zahanati, nikakuta imepungua sana. Nikaomba choo chake, nikakitia kwenye kioo, nikatazama, na mayai ya minyoo ya safura yakawa yamejaa pale, mazuri, kama yalivyochorwa kitabuni. Furaha niliyoipata siku hiyo sijawahi kuiungama kwa padre. Safura inanyonya damu, damu ikipungua mtu anachoka, akichoka hali. Kila kitu kimekaa mahali pake. Nikampa dawa ya minyoo, nikampa vidonge vya damu, nikaandika kwenye kitabu cha maabara kwa mwandiko wangu bora kabisa. Minyoo ilikuwepo kweli, sikukosea. Nilipata nilichokuwa natafuta, basi nikaacha kutafuta. Damu ilikuwa inavuja mahali pengine pia, na mimi nilikuwa nimeshafunga hadubini na kuifunika kwa kitambaa.

Kwa hiyo ugonjwa ule ulistarehe. Baba yako upande mmoja ameushikilia kuwa ni omukago, mimi upande mwingine nimeushikilia kuwa ni safura, wote wawili tuna uhakika, na wenyewe ukakua katikati yetu bila mtu kuuuliza jina. Huwa nawaza kwamba kama mmoja wetu angekuwa mjinga zaidi tungekwenda hospitali mapema.

Aliyetuvunjia uhakika wetu ni Ta Bigirwa mwenyewe. Baba yako alimwendea siku moja na kibuyu cha olubisi, pombe yetu ya ndizi, na kikapu kidogo cha kahawa, akitembea na kupumzika, mwendo wa nusu saa ukamchukua asubuhi nzima. Nilimfuata kwa sababu niliona hawezi kurudi peke yake. Alipofika hakukaa kwenye kiti. Alikaa chini, akaomba radhi kwa ajili ya rweya. Bigirwa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamfunua shati bila kumwomba ruhusa, akamtazama mbavu.

"Waitu, ndugu yangu Laurenti," akasema, "nani kakuambia nina kinyongo? Yale yalikuwa majani tu. Nilikasirika mwezi mmoja, nikachoka."

"Kahawa imekasirika," baba yako akajibu.

"Kahawa ipi? Mimi nami ninayo yako humu." Akajipiga tumboni. "Mwaka jana nimekutukana kwa watu, nimesema mwenyekiti ni mwizi wa nyasi. Hiyo si kukuvunjia heshima? Mbona mimi nala mpaka mke wangu analalamika?" Kisha akanigeukia mimi, na sura yake haikuwa na mzaha hata kidogo. "Na wewe, Ma Paskazia, unayetazama mavi ya kijiji kizima. Huyu umemtazama kwa macho haya ya kichwani?"

Alimpandisha baba yako kwenye baiskeli akamsukuma mpaka barabarani, na kutoka hapo wakapanda lori la kahawa hadi hospitali kule Muleba. Mtu aliyenyang'anywa rweya ndiye aliyemshika mgongo njia nzima. Mimi mwenye hadubini nilikaa nyuma juu ya magunia.

Daktari alikuwa ni huyu huyu Jivan unayemfahamu, mtoto wa wale wenye duka la vitambaa Bukoba mjini, aliyejifunza Kihaya kwa kucheza na watoto nyuma ya duka. Alimpapasa baba yako chini ya kitovu na juu ya kitovu, akakaa kimya. Alimpasua Jumatano. Alimfunga Jumatano hiyo hiyo bila kutoa kitu, ila kipande kidogo kama punje ya mahindi, ambacho alikipeleka hospitali kubwa kikasomwe. Baba yako alikufa kabla jibu halijafika. Hayo mengine uliyaona, ulikuja kuzika.

Sasa nakuja kwenye kile ambacho sijamwambia mtu.

Jibu lilipofika liliambatana na kioo chenyewe. Jivan aliniita. Alifunga mlango, akanikaribisha kwenye kiti chake, akasema, "Ma Paskazia, wewe ni mtu wa hadubini. Wajane wengine nisingewauliza. Unataka kuona?"

Nikasema nataka.

Niliinama nikazungusha kile kigurudumu mpaka pakawa wazi. Tumbo la mtu mzima wa afya, likitiwa rangi, ni kitu kizuri, Koku, utaliona. Limepangwa. Kuna vijumba vimesimama safu kwa safu, kila kimoja na kazi yake. Hapa palikuwa na kipande cha ukingo kilichobaki hivyo, halafu safu zikaanza kuvurugika, halafu hakuna safu tena, ni chembe kubwa kubwa zenye viini vyeusi zimerundikana, zinazaana moja juu ya nyingine, haziulizi nafasi. Nikajua ndiyo saratani yenyewe. Lakini kilichonishtua hakikuwa hicho. Pembeni yake pote, na nyingine zimepenya hadi ndani katikati, palikuwa na chembe ndogo za mviringo, nyeusi kwa ile rangi, nyingi mno.

"Hizi ni nini?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Umezihesabu miaka yote hii, Ma Paskazia."

"Chembe nyeupe."

"Ndiyo."

"Zinafanya nini hapa?"

Alifikiri. "Zimekuja kuona kulikoni."

"Na baada ya kuona?"

"Hapo ndipo panapoishia," akasema.

Zimesimama tu. Nilitazama kioo kile mpaka jicho likatoa machozi, nikitafuta mahali ambapo zinapigana, na kwa jinsi nilivyojua kutazama sikuona. Zimefika, zimeizunguka, zimeingia mpaka ndani, nayo inaendelea kukua mbele yao. Nilizitukana. Nilizitukana kwa Kihaya, matusi ambayo sitayaandika, na Jivan anayaelewa yote. Aliniacha mpaka nikamaliza.

Halafu akanieleza, na nakuandikia kama alivyonieleza, kwa sababu hapo ndipo safari yako inapoanzia. Alisema kijidudu kikiingia kutoka nje kina sura ya ugeni, na chembe nyeupe hukijua kwa sura hiyo. Saratani haiji kutoka nje. Ni chembe ya tumbo lenyewe, mtoto wa nyumba, ambayo siku moja imeacha kusikia inapoambiwa inatosha, simama. Sura yake ni ya nyumbani. Anayelinda mlango hamzuii mtoto wa nyumba.

Nikambishia. Nikasema, "Daktari, kama hazikuona ugeni wowote, mbona zimekusanyika? Zilikuja kufanya nini?"

Alinitazama kwa namna ambayo hakuna mwanamume msomi aliyewahi kunitazama. "Hilo ndilo swali," akasema. "Huko Ulaya wanagombana kwa ajili ya hilo. Wako wanaosema zinaitambua, tena kila siku zinaua chembe za namna hii ndani ya mwili wako na wangu, nasi hatujui, tunakula tunalala. Kwamba tunayoiona kwenye kioo ni ile moja iliyojua namna ya kuponyoka. Labda imevua alama iliyokuwa ikitambulika. Labda ina kitu inachowapa, kinawatuliza."

"Kitu gani?"

"Hakuna ajuaye."

"Imekula nazo omukago," nikasema.

Yeye hakucheka, Koku. Alikuwa na kila sababu ya kucheka, na shahada ukutani, na hakucheka. Alikaa akaugeuza geuza ule mfuniko wa kalamu yake, akasema, "Waitu, huenda."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria jambo hili ninapopalilia, na wewe ukafikiri namfikiria baba yako. Nawaza kwamba tumbo ni mahali pabaya kwa ulinzi. Ngozi inaweza kumkatalia kila mgeni, lakini tumbo limeumbwa kupokea. Ndizi inaingia, samaki anaingia, pombe, dawa za waganga, vumbi, vyote si vyake, na chembe za pale zikianza vita na kila kitu cha ugeni mtu atakufa kwa kula chakula cha mchana. Kwa hiyo lazima zimefundishwa kuvumilia. Zimezoea kusema mwache apite. Labda saratani ya tumbo inazaliwa katikati ya uvumilivu huo, inajifunza maneno yale yale ya kuwatuliza walinzi, nao wanayasikia na kukaa chini. Sina cheti cha kusema hivyo. Jivan alisema hata wenye vyeti hawana jibu, basi nami nimejipa ruhusa ya kukisia.

Padre alinijia kunifariji, akasema ni mapenzi ya Mungu, niyapokee. Nikamwambia namheshimu Mungu, naye pia, lakini zile chembe nimeziona kwa jicho langu haziwajibiki, na mwenyekiti wa kijiji angeziitia mkutano. Hakupenda. Sijali. Kupokea ndiko kulikomwua mume wangu. Alipokea kwamba amelaaniwa, mimi nikapokea kwamba ni minyoo, na chembe zake nyeupe zikapokea sijui nini. Katika habari yote hii aliyekataa ni Bigirwa peke yake, na alikuja amechelewa.

Sasa mimi.

Maumivu yalianza baada ya Pasaka. Ndiyo, baada ya Pasaka, na sasa kahawa imeshachumwa. Unaona nilivyo hodari. Niliyaficha kwako, nikayaficha kwa shangazi yako, nikasema ni gesi. Nikapunguza chakula, nikakuwekea wewe sahani kubwa ili usiangalie yangu. Mambo yale yale ya baba yako, moja baada ya jingine, na mimi niliyeyasoma yote nikiyatenda kama sijawahi kuyaona. Nikuambie la aibu zaidi. Nilichukua choo changu nikakitazama, vioo vitatu, nikitafuta safura. Nilipokosa nilitazama vingine vitatu. Mtu mzima nimekaa pale namwomba Bikira Maria anipe minyoo.

Hakunipa. Basi juzi ukanikuta nyuma ya jiko.

Sijui kama ni ile. Huenda ni kidonda tu, wengi wana vidonda. Huenda ndiyo yenyewe. Nakuambia sijui, na naona unavyolichukua neno hilo "sijui" ukaligeuza kuwa kamba ya kujifungia hapa. Nimekusikia ukimwambia shangazi yako: nitakwendaje na mama hajulikani anaumwa nini? Mimi nasema, kwa kuwa hajulikani ndiyo maana unakwenda. Ukibaki utanifanyia nini? Utanichotea maji, utanipikia uji, utanishika kichwa nikitapika, na utafanya vizuri, maana una mikono laini. Hata Ma Anastela, mke wa Bigirwa, anaweza kufanya hayo, tena amekwisha kufunga sufuria zake aje kukaa nami wodini. Kuna wanawake mia katika kijiji hiki wanaojua kupika uji wa mgonjwa. Aliyechaguliwa kwenda kusomea udaktari ni mmoja, na siku majina yaliposomwa kwenye redio nilipiga kelele mpaka kuku wakaruka.

Usidhani nakutuma ukaniponye mimi. Sina akili ndogo namna hiyo. Masomo yako ni marefu, na hili lililoko tumboni kwangu, kama ni lile, halitasubiri mitihani. Nakutuma kwa sababu lile swali niliuliza mimi, mwanamke wa vijijini, kwenye kiti cha kuazima, na sikupata jibu, na nimelikasirikia kwa miaka minne. Sikubali kwamba chembe nyeupe za baba yako zilitulizwa na kitu kisichokuwa na jina. Kina jina. Mtu atalijua. Kama si wewe atakuwa mtu aliyekaa nawe darasani, au mtu utakayemfundisha, na siku hiyo atakuwepo mwenye tumbo kama la Laurenti atakayeambiwa njoo, walinzi wako wamedanganywa, tunajua jinsi ya kuwaamsha. Hiyo ndiyo hasira ninayokurithisha. Kibanja ukoo hauwezi kukupa kwa kuwa wewe ni msichana, basi chukua hii, haina mwenye kuipinga.

Na utakapokuwa huko, mgonjwa akikuambia kwamba kahawa imevimba tumboni mwake, usicheke. Mwulize ilianza lini, inamuuma upande gani, anakula tonge ngapi. Baba yako alinipa dalili zote kwa lugha yake na mimi nikamsahihisha lugha. Ukiona minyoo, itibu minyoo, halafu rudi utazame tena. Watakufundisha pia kuandika "haijulikani" na kufunga daftari. Daftari usilifunge. Haya si mawaidha, ni mambo niliyoyalipia.

Nimekwisha kuongea na Jivan. Nilimwendea wiki iliyopita, ile siku niliyokudanganya kwamba nakwenda Kibeta kwenye maziko. Alinipapasa, akakaa kimya kama alivyokaa kwa baba yako, nami nikamwambia usininyamazie, mimi si mgeni hapa. Akasema atafungua atazame, na kama kuna cha kukata na bado kinakatika, atakata. Nikamwambia akate sana, asione huruma. Nikamwambia pia kipande atakachochukua kisomwe, na kioo chake kije kwako Dar es Salaam, uwe umeshajua kutazama. Akasema hilo si la kawaida. Nikasema mimi nami si wa kawaida.

Ukiletewa simu ya maandishi kwamba nimekufa, usirudi kuzika. Najua watakavyosema, najua shangazi yako atakavyoimba. Mimi nitazikwa pembeni ya baba yako kwenye migomba na sitaondoka hapo, utanikuta likizo. Lia huko huko, kisha kesho yake uingie darasani. Na ukiletewa simu kwamba nimepona, usirudi vile vile.

Kesho asubuhi Ta Bigirwa atakuja kubeba sanduku lako. Ametaka mwenyewe, kwa ajili ya baba yako, na hapo hakuna ruhusa ya kumkatalia. Mtatelemka wote hadi gatini, meli itafika jioni kutoka Bukoba.

Mimi sitakuwepo. Basi la Muleba linapita njia panda saa sita mchana, na kitanda changu ni cha kesho. Daktari alinipa siku tatu za kuchagua, nikachagua hii makusudi. Kama ningekuja gatini ungeuona uso wangu na usingepanda, nami ningekushika mkono tukarudi wote nyumbani, tukafunga mlango na kusema ni gesi. Kwa hiyo meli itakapopiga honi mimi nitakuwa nimelala chali wodini, sijala, nasubiri kisu. Usisimame ukingoni kutafuta kitambaa changu katikati ya watu. Sipo pale, Koku. Pita upande wa mbele wa meli ukae huko.

Mimi niliyekuzaa, ambaye sikukupa ruhusa ya kubaki,

Mama yako Paskazia